SWALI ALILOLIMEZA MUME WANGU

"Binti, mwenzako aliniambia mama hatokwi na damu hata tone."

Nilihisi kiti kinanikimbia.

"Mwenzangu yupi, dokta?"

"Aliyemleta mara ya kwanza. Mrefu, ana kovu kidevuni. Alisema ni mkwe wake."

Mtoto alikuwa mgongoni, nikamsikia anapumua.

"Mimi nauliza kwa Kiswahili," daktari akaendelea, "yeye anamgeuzia mama Kimasai, mama anajibu, yeye ananirudishia. Habari ya damu nilirudia kuuliza. Hapana. Nikasema basi nimpime. Akasema mama amekataa. Nikamwambia amrudishe na mtoto wa kike, haraka. Hakukwambia?"

Hakuniambia!!

Jamani, huyo mwenye kovu kidevuni ni Kuntai. Mume wangu. Baba wa huyo mtoto niliyembeba mgongoni. Na wakati daktari ananiambia hayo, Kuntai alikuwa amekaa nje barazani, ananisubiri!

Kabla hujakimbilia kwenye komenti kunipa ushauri, tulia kwanza nikupange.

Naitwa Naisenya. Ni fundi cherehani hapa Korogwe. Ukipita njia ya stendi ukaona sare za shule zimening'inizwa mlangoni, pale ni kwangu.

Mume wangu ana duka la dawa za mifugo. Wateja wake ni wafugaji wenzetu, wanatoka mbali kumfuata, kwa sababu ana mdomo mtamu na hana haraka.

Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, jina lake Nalangu. Yeye anaishi upande wa Handeni, kule uwandani. Baba alishafariki. Miaka yote amekuwa akiuza maziwa kando ya barabara pale Mkata, na Kiswahili chake sisi wanawe tulikijua ni cha maziwa tu. Mabichi. Mgando. Njoo kesho. Ukimwongezea neno jingine anakutazama tu, anatabasamu.

Alipoanza kulalamika kiuno, mimi nilikuwa nimetoka kujifungua kwa upasuaji. Kidonda kibichi, hata kuinuka kitandani ni shughuli. Kuntai akasema, "Tulia, nitampeleka mama mimi."

Nikamwona mwanaume wa maana kweli kweli.

Akarudi na vidonge vya maumivu.

"Daktari kasemaje?"

"Kazi nyingi. Umri. Apumzike."

Nikamshukuru Mungu, nikageukia upande wa pili nikanyonyesha.

Nilipopata nguvu nikamchukua yeyo aje akae kwangu. Nilimtandikia chumba cha uani. Nikamnunulia godoro jipya. Nikawa namchemshia chai ya maziwa, namuwashia udi chumbani asubuhi na jioni, nampa mjukuu ambebe. Majirani wakawa wananisifu, na mimi nikasifika.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Yeyo hakutaka niguse nguo zake. Alifua mwenyewe, nyuma ya choo, na kuanika mwenyewe.

Siku moja akapitiwa na usingizi juani, nikaona nimsaidie. Nikachukua lile shuka lake jekundu nikaliloweka kwenye beseni.

Maji yakawa mekundu.

Nikasema ni rangi inachuja. Nikamwaga, nikaweka mengine.

Yakawa mekundu tena!

Lile shuka nalijua tangu nikiwa msichana. Lilishachuja mpaka likachoka, halina rangi ya kutoa. Nikainama karibu na beseni, na ile harufu ikanipanda puani. Nilikaa chini, palepale kwenye tope.

Wenzangu, shuka jekundu halisemi kitu. Mama yangu alikuwa anavuja ndani ya nyumba yangu, na mimi naona rangi.

Jioni ile sikumuuliza neno. Nilimwambia tu, "Yeyo, kesho hospitali."

Kuntai akadakia haraka haraka, "Nitakuja nimtafsirie."

"Nitamtafsiria mwenyewe."

Alibadilika uso. Nikaona, ila sikuelewa. Asubuhi akatufuata hivyo hivyo, amejifunga na lubega yake kama anavyofanya akijua atakuwa karibu na mama mkwe. Akaishia barazani.

Sasa ndiyo tumefika pale nilipoanzia.

Daktari, anaitwa Mhina, ananitazama. Yeyo yupo kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, macho chini, ametulia kabisa. Nikajua haelewi tunachoongea. Nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Nikainuka, nikatoka.

Kuntai aliponiona akasimama. Benchi zima la wagonjwa likageuka, maana uso niliotoka nao haukuwa wa heri.

"Daktari alikuuliza nini kuhusu mama?"

Akajipapasa kidevu, pale kwenye kovu.

"Kuntai!"

"Aliuliza... mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo ya huko."

"Ukamjibuje?"

"Nilisema hapana."

"Yeyo ndiye aliyekwambia hapana?"

Akatazama sakafu. Mwanaume mzima, anatazama kandambili zake!

"Ulimuuliza nini mama yangu, Kuntai?"

"Nilimuuliza kama analala vizuri."

Sikumbuki nimenyanyuaje mkono. Nilisikia tu PAAA!

Kofi. La uso. Mbele za watu!

Kwa wasiotujua sisi, mke kumpiga mume hadharani ni jambo la kusimuliwa mpaka wajukuu. Bibi mmoja pale benchini akafunika mdomo na khanga. Mlinzi wa getini akapiga hatua, akasita.

"Umemuua mama yangu!" nikapiga kelele. "Dukani kwako mtu mzima anakuja, unamuuliza ng'ombe wake anatoka damu wapi, inanuka vipi, mbele ya wateja wote! Mama yangu ndiyo akakushinda?"

"Ng'ombe si mama mkwe, Naisenya."

Alisema taratibu, shavu limemvimba.

"Mimi na mama yako hatukai kiti kimoja. Sili mbele yake. Nikimwona njiani napisha. Halafu daktari ananiambia nimuulize kama bado anapata siku zake, na nguo yake ya ndani ikoje. Nimwambie vipi? Ulimi ulikataa. Nilijua nikisema lile neno, hataweza kunitazama tena mpaka anakufa."

"Si ndiyo anakufa sasa!"

Alivuta lubega akaifunika kichwa, akakaa chini, ameegemea ukuta.

"We binti, nipe mtoto. Utamwangusha."

Nikageuka. Mama mmoja, mwembamba, mrefu, amejitanda khanga ya njano. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi tangu tulipofika. Alinifungua mtoto mgongoni bila kungoja ruhusa, akampakata.

"Naitwa Rosina. Natoka Dindira, huko kwenye chai. Sasa kaa, maana umesimama kama unataka kumwongeza la pili."

Watu wakacheka kidogo. Nikakaa.

"Huyo unayempiga wala si wa kwanza," akaendelea, sauti juu, hana habari na mtu. "Mimi nilitoka damu mpaka nikawa navaa khanga juu ya khanga. Mume wangu akahamia sebuleni, anadai kunguni. Kunguni! Kitanda kimoja tumelala miaka yote, leo kunguni wanamchagua yeye. Mama yangu mzazi anakuja kunitazama, ananiuliza mvua zimenyesha? Ndiyo mama, zimenyesha. Anaondoka."

Yule bibi aliyefunika mdomo akaishusha khanga.

"Ni nesi wa hapa aliyenikalisha akaniambia Rosina, sema. Nikasema. Nikapelekwa Dar, nikapigwa mionzi, nikarudi. Sasa siku za kliniki nakuja kukaa na wageni, maana najua mtu anavyokaa hapa amefunga miguu na mdomo. Ni kansa ya mlango wa kizazi. Haya, nimelitaja mbele ya wanaume. Nani amekufa?"

Mama mmoja alianza kulia chini chini, na Rosina akamsogezea bega.

Nilipoinua macho, nikamwona yeyo. Amesimama mlangoni kwa daktari, ameshika fremu, anamtazama Rosina. Nikajua kelele zangu ndizo zilizomtoa. Nikaona aibu, mama yangu ameniona nampiga mkwe wake.

Daktari Mhina akatokea nyuma yake.

"Mambo ya ndoa mtamalizia nyumbani. Ingieni. Nataka nimpime leo hii."

Tukaingia. Mlango ukabaki wazi kidogo.

"Sasa binti, muulize mama vizuri. Damu imeanza lini? Ni nyingi kiasi gani? Ina harufu? Na anakubali nimpime? Nesi wa kike atakuwepo."

"Sawa, dokta."

Nikamgeukia yeyo. Nikashika mkono wake. Nikafungua mdomo kumuuliza kwa lugha yetu.

"Yeyo..."

Ndugu zangu, yale maneno nayajua. Kila moja. Nimekua nayo, nimeyasema na wasichana wenzangu tukiteka maji, tukicheka. Lakini kumwambia aliyenizaa? Macho kwa macho? Neno linafika kwenye meno linarudi. Daktari anangoja. Nesi anangoja.

"Yeyo... ulilala vizuri?"

Mungu ni shahidi wangu! Ndilo lililonitoka! Swali lilelile la Kuntai!

Nilitamani sakafu ipasuke. Nimetoka kumpiga mtoto wa watu kofi mbele ya kadamnasi, na haijapita hata robo saa nimesema uongo uleule, neno kwa neno. Usoni nilikuwa nawaka.

Yeyo akanitazama. Akatabasamu, lile tabasamu lake la kuuzia maziwa. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwangu, akalikaza shuka begani, akamgeukia daktari.

"Daktari," akasema, "damu ilianza kabla ya masika. Ilikuwa kidogo, sasa inajaza kitambaa. Ina harufu mbaya. Maumivu yanaanzia hapa, yanashuka mpaka mguuni. Nipime."

Kwa Kiswahili.

Kiswahili kilichonyooka!!

Nilimkodolea macho. Nesi naye akabaki ameduwaa na glovu mkononi.

"Yeyo! Unajua Kiswahili?"

"Nilipokuwa msichana nilikuwa napeleka maziwa kambi ya mkonge," akanijibu kwa Kiswahili hicho hicho. "Wanawake wa kule walikuwa wanasimuliana mambo yao yote mbele yangu. Waume zao, magonjwa yao, hawara zao. Wanasema, endelea tu shoga, huyu Mmasai haelewi. Nikaona kumbe nikinyamaza nasikia mengi."

"Kwa hiyo siku ile... na Kuntai..."

"Nilisikia kila neno. Daktari kauliza damu, mkwe wangu kaniuliza usingizi. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Nikasema, mtoto wa watu anaficha aibu yangu. Basi na mimi nikaificha yake. Nikamjibu nalala vizuri."

Daktari alivua miwani.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo!

"Mbona hukuniambia mimi? Mimi ni mwanao wa kumzaa! Umekaa kwangu muda wote huu!"

Yeyo hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Nilikuja kwako nikwambie," akasema. "Nikasema nitangoja aniulize, akiniuliza tu nitasema. Ulinusa, Naisenya. Nilikuona unaingia chumbani unanusa, unasimama. Nikasema, haya, leo anauliza."

Akaniinulia macho.

"Ukawasha udi."

...

Asubuhi na jioni, msomaji wangu. Si nilikwambia? Nimekuandikia hapo juu kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe ukadhani ni ukarimu. Hata mimi nilijiambia hivyo, kwamba mama yangu anastahili chumba kinachonukia. Lakini mara ya kwanza nilipouwasha nilijua ninafunika nini. Nilijua, nikachagua kutojua.

Kuntai alikuwa amesema uongo wake siku moja, kwa jasho. Mimi wangu nilikuwa nauwasha kwa kiberiti kila siku.

Sikulia. Ningelia ningekuwa namwomba yeyo anibembeleze, na hakuwa na wajibu huo. Nilitoka, nikamwacha na nesi.

Nje, Kuntai bado yupo chini ukutani, lubega kichwani. Mlango ulikuwa wazi, na yeye Kiswahili si kigeni kwake. Alikuwa amesikia kila kitu, damu na kitambaa na harufu, kutoka kwenye mdomo wa mama mkwe wake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nikakaa pembeni yake. Rosina akaniletea mtoto, akatuangalia wote wawili, akasema, "Haya, wagonjwa wangu wameongezeka."

Kipimo kilichukuliwa, kikapelekwa kunakohusika, tukangoja. Majibu yalikuja kama daktari alivyohofia. Saratani ya mlango wa kizazi.

"Imesogea," Daktari Mhina akatuambia, "lakini bado kuna la kufanya. Aende Dar, mionzi na dawa. Mngekuja ile mara ya kwanza..."

Hakumalizia, na hakuna kati yetu aliyemwomba amalizie.

Ikaja habari ya nani amsindikize. Nikasema mimi, na mtoto mgongoni. Shangazi zangu wakajitaja. Yeyo akatikisa kichwa.

"Nitakwenda na Kuntai."

Kila mtu akashtuka! Mama mkwe na mkwe, safari moja, wiki na wiki?

"Ameshanisikia," yeyo akasema. "Wengine wote nitaanza upya kuwaonea aibu. Huyu nimeshamaliza."

Wakaenda.

Yeyo alilala wodini na wanawake wenzake. Kuntai alipata mahali pa kujishikiza jirani, kila asubuhi yupo hospitali na chupa ya uji. Anauacha mezani kwa nesi, kwa sababu kumkabidhi mkononi bado ni kazi. Mila ni mila, nani alisema tumeitupa?

Siku moja akanipigia simu.

"Leo daktari wa huku ameuliza lile swali."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mama alisema nisitoke, nisikie dawa zinavyotumika."

"Ukafanyaje?"

"Niligeukia ukutani. Nikampa mgongo. Akajieleza mwenyewe."

"Ukasikia?"

Nikasikia watu wa wodini wanapita nyuma yake.

"Nilisikia. Damu imepungua, Naisenya."

Lilikuwa neno dogo tu, na ndiyo mara ya kwanza kulisikia likitoka kinywani mwake kuhusu mama yangu. Nilizima cherehani, nikalia mpaka mteja aliyefuata sare ya mwanae akaondoka bila kudai.

Waliporudi nilimwomba Kuntai msamaha. Nikapiga magoti chumbani, nikasema yote. Alinisikiliza, akajishika shavu.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kofi ulinipiga mbele ya watu."

Nilimwelewa.

Ndiyo maana leo mnanisoma hapa. Mlio Korogwe, mlio Handeni, na nyie mliokuwepo barazani siku ile mkaenda kusimulia kwamba mke wa Kuntai kichaa: mume wangu hakumkosea mama yangu kunizidi mimi. Alikosea mara moja akashindwa hata kuinua uso, mimi nikakosea kila siku nikasifiwa na majirani. Kuntai, nisamehe, mbele ya wote.

Na wewe unayempeleka mgonjwa hospitali, nakuomba. Usijipe tu kazi ya kumsemea. Muulize kwanza anataka nani awe ndani ya kile chumba, na kama ni mkwe au mtoto wa kiume ndiye pekee aliyepo, mwambie nesi waziwazi, wapo watu wa kusaidia. Ukiona kitu, uliza. Ukinusa kitu, uliza. Swali litakuunguza mdomo kwa muda mfupi tu.

Yeyo yupo kwake uwandani. Daktari hajatuambia amepona, ametuambia tusiache kliniki, na hatuachi. Siku za kliniki anakaa benchini na Rosina, na akiona mwanamke wa kwetu amekuja na mkwe wake anamtafsiria, anainuka taratibu na kwenda kukaa katikati yao.

Juzi alipita kwangu akitoka huko. Nikampa kiti, nikampa chai. Nikasimama mbele yake, swali linaniunguza mdomo hadi leo, jamani, hadi leo!

"Yeyo," nikamuuliza kwa lugha yetu, "damu?"

"Hakuna."

Akanywa chai yake. Kisha akainua pua, akavuta hewa ya chumba polepole, akanitazama.

"Na udi?"

"Hakuna, yeyo."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye shuka. Na mimi nikacheka naye, nimeinamisha kichwa asinione macho.